Aliyekalia Spika

Uji ulikuwa umepoa ndani ya kikombe cha bati, juu ya meza ambayo hakuna aliyeigusa, na bado ulikuwa unajichora miviringo. Mviringo mdogo ulitokea katikati, ukapanuka, ukafika ukingoni, ukafa. Kisha mwingine. Kavindu aliinua macho ukutani. Gita lake la besi lilikuwa limening'inia kwenye msumari wake, waya haujachomekwa, amplifaya imezimwa. Nje, mtaa wa Mbotela jijini Nairobi ulikuwa na asubuhi yake ya kawaida, jirani anafua, redio ya fundi viatu inasema peke yake. Hakuna lori lililokuwa limepita.

"Kathini, kunywa uji."

Binti yake wa miaka mitano alikuwa amekaa sakafuni, amempa mgongo, anapanga vifuniko vya soda. Hakugeuka.

"Kathini."

Kavindu alichukua sufuria na mwiko, akaenda kuvigonga nyuma ya kichwa cha mtoto, karibu kabisa, kwa hasira ambayo nusu yake ilikuwa hofu. Mtoto akaendelea kupanga vifuniko. Kavindu akarudi nyuma, akaegemea ukuta, na bega lake likaugusa uzi mnene wa gita. Ule uzi ulitoa mngurumo mfupi, kama tumbo lenye njaa. Hapo Kathini akageuka. Shingo ilitangulia, mabega yakafuata baadaye, na akamtabasamia mamake kama mtu mzima anavyomtabasamia mtu asiyekumbuka walionana wapi.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza baada ya ngoma ya Shauri Moyo.

Ieleweke kwamba Kavindu alikuwa mpiga besi. Hakuwa "dada anayejaribu", kama washereheshaji wa harusi walivyozoea kumtangaza wakicheka. Alijifunza kwenye besi ya kusimama ya kikundi kimoja cha taarab kilichokuwa kikifanya mazoezi ukumbini, lile gogo kubwa unalolikumbatia kama mlevi unayemrudisha nyumbani, na vidole vyake vilitoka damu mpaka vikaota sugu. Mumewe, Mwangangi, fundi wa spika aliyezaliwa katika ukoo wa wachongaji, alimchongea gita la nyuzi sita kwa mti wa muhugu. Nyuzi tano walinunua. Uzi wa sita, ulio chini kuliko wote, walishindwa kuupata duka lolote la mjini, kwa hiyo Mwangangi akausokota mwenyewe kutokana na waya wa breki za baiskeli. Sauti yake ilifika kwenye meno kabla ya masikio. Vioo vya madirisha viliujua. Wanaume wa bendi walisema mwanamke hana mkono wa kushika nyuzi sita. Walipomsikia akizishika, wakasema kumbe gita la Mwangangi ni zuri.

Bi Kadija, mwenye duka la mitandio Shauri Moyo, hakusema hayo. Alikuja mwenyewe mpaka Mbotela, akaketi, akajipepea kwa ncha ya leso. Mke wa mwanawe, Rufaida, alikuwa na jini mwaka wa pili sasa. Hali, halali, hatoki mlangoni. Mganga wake, Mzee Zahoro, alikwisha kuujua mdundo wa jini huyo: alitaka ngoma kubwa, ile nzito ya chini, na hakuitikia nyingine. Shida ni kwamba chifu alipiga marufuku ngoma zisizo na kibali, na askari wake walikuwa wameichukua ngoma ya Zahoro wakaitia kwenye stoo.

"Ngoma tumekatazwa," Bi Kadija alisema. "Gita la stima hatujakatazwa. Tukiulizwa, ni sherehe ya kina mama. Na chumba cha wanawake haingii mwanamume, ila mzee mwenyewe. Ndipo nikasema, yupo yule binti wa Kikamba."

"Na mimi nitafanya nini hasa, Bi Kadija?"

"Utapiga tu, mwanangu. Mengine si yako."

Kavindu hakuwa mgeni wa mambo haya. Nyanyake kule Mwingi alicheza kilumi, ngoma ya Wakamba ya kuita roho, mpaka uzeeni, na mtoto yeyote aliyechungulia kilumi anajua kwamba roho ikishaitwa, mikono haipumziki. Zahoro alimkumbusha vilevile siku ya kazi, kwa sauti ya chini, mlangoni: "Atapanda juu ya sauti yako kama mtu apandavyo ngazi. Ukishaona amepanda, usinyamaze mpaka nimuulize jina na alitaje. Ukimkatia katikati, ataanguka. Na akianguka, hukikalia kiti kilicho karibu."

Wote waliokuwa mle walijua kwamba kiti ni mtu.

Kathini alikuja na mamake kwa sababu jirani anayemshika alikuwa amesafiri. Alipanda juu ya kasha la spika, mahali pake pa siku zote, kwa sababu besi ilimtekenya tumbo. Wanawake kumi na kitu walimwona amekaa pale akibembeza miguu. Hakuna aliyesema ateremke. Na ule ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, mabwawa yamekauka, stima zinakatwa kwa zamu mtaa baada ya mtaa, na kila mtu alijua hivyo, na katika watu wazima wote waliofunga mapazia mchana ule, wakawasha udi, wakanyunyiza marashi, wakamfunika Rufaida shuka jeupe, hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali ambalo mtoto wa shule angeuliza. Ngoma haihitaji stima. Gita linahitaji.

Kavindu alipiga. Uzi wa sita ulijaza chumba kama maji yanavyojaza karai, kutoka chini kwenda juu. Shuka likaanza kutikisika, kisha likaanza kuinuka, na chini yake Rufaida akazungumza kwa sauti iliyokuwa nzito kuliko kifua chake.

"Nani wewe?" Zahoro alimwinamia. "Taja jina lako, upewe haki yako, uende."

"Mimi," sauti ilisema, "mimi ni..."

Stima ikapotea.

Spika ilikufa katikati ya mdundo. Rufaida alilala chali, akakohoa, akaketi. "Naomba maji," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu ndoa yake ilipokuwa changa. Mtu akapiga kigelegele, wakadakia wote. Walimkumbatia, walilia, walimlisha Kavindu pilau, wakamfungia na nyingine ya kwenda nayo. Katika shangwe hiyo miguu ya Kathini ilikuwa imeacha kubembea. Bi Kadija alimtazama mtoto, akamtazama Zahoro, na wote wawili wakatazama pengine.

Kavindu alipomweleza habari za mtoto, Mwangangi alikataa katakata. "Mtoto anajifanya. Wewe ndiye umemzoesha kelele." Hospitalini daktari alimulika masikio yote mawili, akasema ni safi, hayana kasoro, mrudishe baada ya wiki. Jioni Mwangangi alichomeka gita, akapiga uzi wa sita kwa dole gumba, na Kathini akatoka mbio chumba cha pili, akabandika shavu kwenye kitambaa cha spika, akafumba macho. Mwangangi akacheka kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Si unaona anasikia?"

"Mwite jina."

"Mama Kathini, usinianzie."

"Mwite tu jina, baba Kathini. Mara moja."

Hakumwita. Alizima amplifaya, akatoka kwenda kuangalia mbao zake. Mtu anaweza kuishi nyumba moja na jambo siku nyingi, mradi asiliite.

Adhuhuri ya siku iliyofuata Kavindu alitoka kuteka maji, na aliporudi alikutana na harufu ya udi mlangoni pake, yeye ambaye hakuwa na udi, na ya marashi ya waridi yaliyochacha, na alipousukuma mlango kwa goti, ndoo mkononi, alimwona mtoto wake amesimama juu ya kitanda kwa ncha za vidole, mikono imelegea, kichwa kimeinuliwa, na kinywa kimeuma kichwa cha gita pale ukutani, meno yamezama kwenye muhugu mpaka mate yanateremka kwenye shingo ya gita, macho meupe, na nyuzi tano zimetulia lakini wa sita unapiga, unapiga bila mkono, taratibu, ule mdundo wa Shauri Moyo, na kila unapopiga, fuvu dogo la Kathini linaitikia kwa mtetemo ambao Kavindu aliuona kwa macho yake kwenye nywele zilizosukwa.

Ndoo ilimtoka.

Kathini aliachia kichwa cha gita. "Mliniita, nikaja," alisema. Kilikuwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, kwenye kinywa cha mtoto aliyejua Kikamba cha nyumbani na lugha ya mtaani tu. "Nimefika kizingitini, mkanifungia mlango. Huyu ndiye alikuwa kiti cha karibu. Chembamba. Nikijinyoosha, kitavunjika."

"Unataka nini?" Kavindu alinong'ona.

"Mlichoanza mkimalize." Macho meupe yalimtafuta yakampata. "Masikio nimechukua, yalikuwa njiani. Kesho nachukua ulimi."

Kesho yake Kathini aliamka bila neno. Alifungua kinywa, akakifunga, akamtazama mamake kwa macho yake ya kawaida, ya mtoto, yaliyojaa machozi. Kavindu alimbeba mgongoni akavuka naye barabara mpaka Shauri Moyo.

Bi Kadija alimkaribisha vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Kavindu kuliko yote, jinsi alivyokaribishwa vizuri. Aliandaliwa kahawa na kaimati. Wanawake walewale walikuwapo, na Zahoro ameketi kwenye mkeka pembeni.

"Mgeni kaondoka kwangu, mwanangu," Bi Kadija alisema. "Alikokwenda, mimi sijui."

"Amekwenda kwa mtoto wangu. Ulimwona."

"Nilimwona mtoto amekaa pasipo pake. Mama mwenye akili huleta mtoto ngomani?"

"Mama mwenye akili huita mtu wa stima mwaka wa giza?"

"Taratibu, binti."

"Nimekuwa taratibu, Bi Kadija. Nilikuja kwako taratibu, nikapiga taratibu. Wewe ulijua siku ileile, ukanifungia pilau."

Bi Kadija alimimina kahawa. "Na mkweo angekuwa yeye," alisema, "akaponywa mbele yako, wewe ungekimbilia kumrudishia mgeni wake?"

Kavindu alikuwa na jibu. Alikuwa na jibu zuri sana, lingewanyamazisha wote. Hakulitoa, kwa sababu mgongoni pumzi ya Kathini ilikuwa imeanza kukwama kidogo kila inapopanda.

"Kinachofuata ulimi ni pumzi," Zahoro alisema bila kuinua macho. "Jambo lamalizika. Sauti ileile, chumba kilekile. Lakini hawezi kuulizwa ndani ya mtoto, atampasua. Apite kwa mtu mzima. Mwanamke aketi juu ya kasha, ampakate mtoto, ampokee. Akishampokea, nitamuuliza jina, atalitaja, atakwenda zake."

"Nitaketi mimi."

"Na atakayepiga ni nani?"

Hakukuwa na mwanamke mwingine Nairobi nzima aliyeujua ule uzi. Kavindu alizungusha macho chumbani. Wanawake wakatazama hina za kucha zao.

"Bi Kadija?"

"Mimi nina presha, mwanangu."

"Wewe, dada? Wewe?"

Kikohozi. Kikombe kikawekwa chini. Walikuwa wanawake wa dini na wa huruma, wangemchangia sanda bila kuombwa.

"Nitaketi mimi," mtu alisema mlangoni.

Rufaida alikuwa ametoka sokoni Gikomba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alikuwa amejinunulia nyanya mwenyewe, na kikapu kilikuwa bado mkononi, viatu vina vumbi, uso una jasho la mtu mzima wa afya.

"Wewe una wazimu?" Bi Kadija alisema.

"Nilikuwa nao, mama. Ndiyo nikaujua." Alikuja akachuchumaa mbele ya Kavindu, akamgusa Kathini mguu. Alizungumza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Dada, miaka miwili watu walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kitanda. Nilisikia yote. Sikuweza kuwajibu. Huyu naye yuko mle ndani peke yake. Nitaketi. Ila niahidi hutakata sauti mpaka ataje jina."

"Naahidi."

"Apa."

"Naapa kwa huyu mtoto," Kavindu alisema, na alikuwa anasema kweli.

Mwangangi, ambaye sasa alikuwa amekubali kila kitu kwa kukaa kimya, alileta betri ya lori na amplifaya ya gari. Akaunganisha, akajaribu, akatoka kungoja nje na wanaume. Stima yenyewe ilikuwapo, lakini hawakuitegemea. Mapazia yalifungwa. Saa tisa alasiri, jua bado kali juu ya mabati, nyundo za mafundi wa Gikomba zikisikika kwa mbali, Rufaida aliketi juu ya kasha la spika na kumpakata Kathini, mikono yake imemzunguka kifuani, na Kavindu akaushika uzi wa sita.

Mara hii jini hakuja polepole. Alikuwa amengoja. Sauti ilipogusa ukuta tu, vikombe vilianza kutembea vyenyewe kwenye sinia, udi ukalala chini badala ya kupanda, na Kathini akajikunja kama anayetapika na kitu kisichoonekana kikamtoka kwa kishindo ambacho kila mwanamke alikisikia kwenye mifupa ya taya lake, kikapita kwenye mikono iliyomkumbatia, na mikono ile ikakakamaa, ikafunguka, na mtoto akateleza mpaka sakafuni, akakaa pale, akashika masikio yake mawili na kukunja uso.

"Mama," Kathini alisema. "Punguza. Inapiga sana."

Kavindu aliendelea kupiga akilia. Juu ya kasha, Rufaida aligeuza shingo. Shingo kwanza, mabega baadaye.

"Nani wewe?" Zahoro alisema. "Taja jina lako."

"Nitalitaja." Ile sauti ilikuwa na ucheshi ndani yake. "Kwanza huyo mdogo arudi aketi hapa. Kuna kitu nimekisahau kwake."

Mikono ya Rufaida ilinyooka, viganja juu, kama ya shangazi anayeita mtoto ampe peremende. Kathini alisimama. Akapiga hatua kumwendea.

"Kathini, njoo huku," Kavindu alisema. Mtoto alimsikia, akamtazama, na mguu wake mwingine ukapiga hatua vilevile.

"Usikate." Zahoro alikuwa amepiga magoti karibu na sikio la Kavindu, ananong'ona haraka. "Anakuchezea. Wote husema hivyo wakifika mwisho. Yuko kwenye ulimi tayari, binti, pumzi mbili tatu tu. Usikate."

Kavindu alimtazama Rufaida. Midomo ilikuwa inatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanateremka mashavuni, machozi ya mtu mwingine, aliye nyuma ya lile tabasamu, anayejua kabisa alipo. Macho yale yalimtazama Kavindu na kumsihi. Hakukuwa na shaka yalichokuwa yanasihi. Piga. Kathini alipiga hatua ya tatu, akanyoosha mkono wake mdogo.

Kavindu alilaza kiganja juu ya nyuzi zote sita, kisha akaushika waya pale ulipoingia kwenye gita, na akauchomoa.

Siku hiyo hapakuwa na stima ya kusingizia.

Mkono wa Kathini ulirudi kifuani pake. Alikimbia kwa mamake, akamshika sketi. Juu ya kasha, Rufaida alibaki ameketi wima, viganja bado vimetandazwa.

"Rufaida," Bi Kadija aliita. Alimwendea, akapiga makofi mbele ya uso wake, akapiga ukuta kwa kandambili, akaita tena kwa sauti iliyopasuka: "Rufaida, mwanangu." Rufaida alikuwa anautazama uzi wa sita, na hakuwa anasikia kitu kingine.

"Uliapa," Zahoro alisema. Alikuwa bado amepiga magoti.

Kavindu aliliacha gita sakafuni, akamwinua binti yake, akapita katikati ya wanawake, nao wakampisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekaa pale akitazama kucha zake asubuhi ile.

Nje Mwangangi aliinuka upesi. "Imeisha?"

"Imeisha."

Waliteremka kwa miguu kuelekea barabarani. Kathini alitaka kutembea mwenyewe. Alishtuka kwa kila nyundo, kwa kila honi, kwa mwenye mkokoteni anayepiga mluzi, na kila aliposhtuka alicheka, na Mwangangi naye akacheka, akamwita jina lake mara nyingi bila sababu, Kathini, Kathini wangu, na kila mara mtoto akaitika. Walifika mwisho wa kichochoro. Pale Kathini alisimama, akageuka walikotoka, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mama, mbona yule anti analia?"

Kavindu alisimama. Aliisikia na yeye, chini kabisa, mahali ambapo besi hukaa, ikipanda kupitia nyayo za viatu vyake. Mtu alikuwa analia bila kufungua kinywa.

Alimshika mtoto mkono.

"Hakuna mtu analia," alisema. "Tembea."